Kikohozi cha Koko wa Bwawa

Inspekta Zihindula alibana waya wa sikioni kwa kidole usichomoke, akaisikiliza sauti ile tena. Kwanza kikohozi kirefu cha kukwaruza. Kisha mwanamke mzee, kwa Kiswahili cha Kongo, taratibu, bila haraka yoyote:

"Njo mimi nilipeleka bale batoto ku maji. Balikuwa banalia. Nikabaimbia mpaka bakanyamaza."

Kikohozi tena. Halafu kimya.

Hakuwa inspekta tena, hilo lieleweke. Alikuwa inspekta wa polisi kule Bukavu, Kongo, enzi hizo ana ofisi, mhuri na kiti kinachozunguka. Hapa kambini Dzaleka alikuwa mkimbizi anayetengeneza miavuli na viatu nyuma ya soko, ila cheo kilimfuata hadi Malawi. Watu walimwita inspekta wakitaka kitu, na papa, yaani baba, wakishakipata.

Safari hii waliotaka kitu walikuwa wazee wa kanisa. Watoto wawili wa Mulenda walizama kwenye shimo la kufyatulia matofali lililojaa maji ya mvua. Kabla matanga hayajaisha, sauti hii ikaanza kuruka kutoka simu hadi simu, na kambi nzima ikaitambua mara moja. Ni Mama Orpa, walisema, mjane aliyetoka Fizi, jirani wa Mulenda, mshonaji wa nguo za kwaya. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Mlango wake ulivunjwa kwa mawe mchana kweupe, naye akatoroka kupitia mashamba ya mahindi na nguo aliyokuwa ameivaa.

Sasa alikuwa amefichwa Lilongwe, mtaa wa Kauma, nyumbani kwa muumini mwenzao, nje ya kambi na bila kibali. Wazee walimwambia Zihindula wazi: akileta ushahidi kabla ya ibada ya Jumapili, watasimama mbele ya watu na kumrudisha mama yule nyumbani kwake. Asipouleta, nyumba itapewa familia nyingine, maana wanaosubiri pa kulala kambini ni wengi. Na leo ilikuwa Ijumaa.

"Bado unasikiliza ile kitu?" aliuliza mkewe, Esperance, aliyekuwa anachekecha unga mlangoni.

"Nikuulize. Ulimusikia Mama Orpa anakohoa mara ya mwisho lini?"

Esperance aliacha chekecheke. "Anakohoa? Si alikunywaka ile dawa ya kifua mpaka akaimaliza? Aliisha kupona, mwaka inapita sasa. Ata ku kwaya alikuwa anaimba sauti ya kwanza, anatushinda sisi bote."

"Njo vile," alisema Zihindula.

Alichomoa waya akauviringa vidoleni, kama alivyokuwa akiviringa kamba ya filimbi zamani. Mama Orpa wa leo hakohoi. Basi ama sauti hii ilirekodiwa zamani, kabla hajapona, ama anayesema si Orpa bali ni mtu anayemwigiza, tena mtu ambaye hajamsikia muda mrefu. Alivaa viatu. Jina la kwanza kichwani mwake lilikuwa la mwenye shimo.

Nsengimana alikuwa analizungushia shimo lake matawi ya miiba. Alikuwa Mrundi mwenye mabega mapana, na nusu ya nyumba za upande ule wa kambi zilisimama kwa matofali yake. Zihindula alimsalimu, akatazama miiba, akatazama maji ya rangi ya chai yaliyotulia chini.

"Leo njo unafunga shimo," alisema.

"Nafunga mbuzi wasiingie, papa."

"Mbuzi."

Nsengimana aliinama kuchukua tawi jingine.

"Wewe njo wa kwanza kutuma ile sauti mu groupe ya kambi," Zihindula aliendelea. "Na uliandika juu yake, 'Sikieni hii, munamujua?' Tangu siku ile hakuna mutu anasema tena habari ya shimo. Bote banasema habari ya mama muzee."

"Kuuliza ni kosa?"

"Uliirekodi wapi?"

"Mimi?" Nsengimana alijifuta mikono kwenye suruali na kutoa simu, haraka kidogo. "Mimi nilitumiwa. Shemeji yangu anakaa Area 36, Lilongwe, ndiye alinitumia. Angalia mwenyewe, papa, mimi sina siri."

Zihindula aliisogeza simu kivulini akaangalia. Sauti ilikuwepo, bila neno lolote chini yake. Aliisoma tarehe, akavua miwani, akaipangusa, akaisoma tena.

"Batoto ya Mulenda balikufa siku gani?"

"Alhamisi."

"Na hii ilifika kwako siku gani?"

Nsengimana hakuitazama simu. Ilionekana wazi kwamba alishaitazama siku nyingi. "Jumatatu," alisema.

"Ya wiki ileile."

"Ndiyo."

"Sasa mutu anakiri Jumatatu mambo ya Alhamisi?"

Upepo ulitikisa miiba. Nsengimana alichomwa kidole akakinyonya, na alipoanza kusema alisema kwa sauti ya chini.

"Niliwaambia vijana watatu wanne. Nikawaonyesha tarehe. Wakasema, si unaona, mchawi hutangaza kabla ya kutenda. Na mimi nikaacha." Alitazama maji ya shimo. "Nisikudanganye, papa. Iliniponya. Watu walikuwa wameanza kuja hapa kusimama, wanatazama shimo, wananitazama mimi."

Zihindula alihisi hasira ikimpanda. Zamani angemfunga pingu papo hapo na kumwacha ajieleze kituoni. Sasa hakuwa na pingu wala kituo, na mtu aliyesimama mbele yake alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Ongeza miiba upande wa njia," alimwambia. "Njo batoto banapitaka pale."

Mchana alikuwa Lilongwe. Yule shemeji wa Nsengimana hakumchelewesha: sauti alitumiwa na dada anayemsuka nywele, hapo hapo Area 36, kibanda cha kijani baada ya wauza mitumba. Zihindula alichukua kabaza, baiskeli ya kukodi, akamshukuru kijana kwa Kichewa, zikomo, akaingia kibandani.

Msusi aliitwa Sabine. Alikuwa mtu wa Bukavu, amesoma hadi mwaka wa pili wa chuo kikuu kabla vita havijamtoa darasani, na vidole vyake vilikuwa vinakimbia kichwani mwa mteja mmoja wa Kimalawi aliyesinzia. Zihindula alimchezeshea sauti. Alitegemea atashtuka. Sabine akacheka.

"Ah papa, na we unafuataka *Bwawa*? Hii si ni Koko."

"Koko gani?"

"Koko wa Bwawa."

Ikabidi aelezwe. *Bwawa* ilikuwa tamthilia ya Kituruki kuhusu kijiji kilicho kando ya bwawa, na watoto wanaopotea humo mmoja mmoja. Asubuhi baada ya mtoto kupotea, nyayo za maji huonekana ndani ya nyumba, zikitoka mlangoni hadi kitandani, na haziendi popote zaidi. Wakongomani wa Lilongwe walikuwa na kundi la simu la kuijadili, na kundi lenyewe lilikuwa vipande vitatu. Kuna waliosema watoto huchukuliwa na bibi harusi aliyezama zamani. Kuna waliosema hakuna mzimu wowote, ni daktari. Na kuna Sabine.

"Mi tangu mwanzo nilisema ni Koko. Ni mumama muzee, anakaaka tu ku moto, hasemi ata neno moja. Episode zote hizo, hajafungua kinywa. Bananicheka. Nikabauliza: sasa mutu anaketi karibu ya moto kila siku, ju ya nini nguo yake haikauke?"

"Nguo haikauki?" aliuliza Zihindula.

"Pembeni kwa chini, ni mubichi siku zote. Angalia vizuri."

"Na mulango? Usiku wa mutoto wa pili, mulango ilikuwa imefungwa kwa ndani ama kwa inje?"

"Kwa ndani, papa. Njo ile tulibishana wiki muzima."

Zihindula alikuwa ameshafungua kinywa kuuliza habari ya dirisha ndipo alipokumbuka kilichomleta. Alijikaza akakohoa kidogo.

"Ile sauti ni ya nani? Koko wa televisheni hasemi Kiswahili."

"Ni DJ Rodri. Rodrigue wa kule kambini." Sabine alisema jina lile kwa fahari. "Njo anatutafsiriaka. Anakaa na mikro, filamu inatembea, yeye anasema sauti ya bote: bibi, bwana, mutoto, ata mbwa. Akimaliza anatia ku carte mémoire, ile kadi kidogo ya simu, sisi ba huku tunaona mbele, kambi inaona nyuma. Ile episode ya Koko kusema, kambi haijaiona bado. Ukumbi ilifungwa ju ya matanga."

"Na sauti peke yake ilitoka wapi?"

"Kwangu. Siku Koko alisema, nilikata kile kipande nikatuma ku groupe. Nilitaka bajue teori yangu njo ilikuwa ya kweli."

"Ulikata sauti tu. Picha uliacha."

"Video inakula mabando, papa. Nani anatuma video?"

Zihindula alivuta kigoda akakaa. Akamweleza yote, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akisoma taarifa mbele ya mkubwa wake: kipande kilichotoka kwenye kundi la tamthilia kikaingia simu ya shemeji, kutoka kwa shemeji hadi kwa mwenye shimo, na katikati ya hapo jina la *Bwawa* likabaki njiani. Watoto wawili wa kweli. Mama mmoja wa kweli. Mawe.

Vidole vya Sabine vilisimama. Mteja alizinduka, akajitazama kwenye kioo, akauliza kwa Kichewa kama wamemaliza.

"Nilisikia kule kambi balifukuza muchawi," Sabine alisema hatimaye. "Nilisikia na nikasema, ah, kambi. Sikuuliza ni nani." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye mafuta ya nywele. "Mi nilikuwa nataka tu kushinda, papa. Ilikuwa muchezo."

Zihindula aliinuka kwenye kigoda. Alimwomba asifute ile sauti kwenye simu yake, na tarehe yake, akatoka.

Jumamosi asubuhi alimkuta Rodrigue ndani ya ukumbi wa video, kibanda cha matofali chenye mabenchi na kitambaa cheusi dirishani. Kijana mwembamba, ndevu chache, amevaa koti ingawa palikuwa na joto. Hakuuliza kilichomleta mgeni. Alisogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Nionyeshe pale Koko anasema," alisema Zihindula. "Lakini na sauti yake mwenyewe. Toa yako."

Rodrigue aliitafuta sehemu hiyo bila kubahatisha. Kwenye skrini, bibi kizee aliyejifunga kitambaa cheupe aliinua macho kutoka motoni na kuanza kusema. Alisema kwa muda, uso wake umetulia, mkono mmoja umelala juu ya mwingine. Chini ya picha, ambako kwa kawaida maneno ya Kiingereza huandikwa, hapakuwa na kitu.

"Anasema nini?"

"Sijui, papa."

"Haujui?"

"Ile fasi maneno haikuwamo. Siku zingine ninasoma Kiingereza kidogo, ninakisia. Ile siku ilikuwa tupu tu. Kituruki mi sijui ata moja." Rodrigue alizima skrini. "Labda alikuwa anaomba Mungu. Labda alikuwa anasema habari ya bwana yake. Siwezi jua."

"Na batoto ku maji?"

"Groupe ilikuwa inangoja. Kila siku banaandika, Koko atasema lini, Koko njo alibachukua. Ningemufanya aseme kitu ingine, bangesema DJ ameharibu. Nikabapatia kile balikuwa banataka."

Zihindula aliacha kimya kifanye kazi yake. Lilikuwa jambo alilolijua vizuri kuliko kutengeneza miavuli.

"Ile sauti," alisema baadaye. "Ju ya nini sauti ya Mama Orpa?"

Kijana alikaa akiitazama mikono yake. "Sina ingine," alisema. "Nilifika huku peke yangu, niko mutoto. Yeye njo alinichukua ku mulango wa transit, fasi banapokeaka bakimbizi bapya, akanipeleka kwake. Nikilia, ananiimbia. Anaimba, anakohoa, anaendelea. Mumama muzee akisema mu kichwa yangu, ni yeye anasema. Sikumuchekelea, papa. Nilitaka Koko akuwe na sauti nzuri."

"Ulimuona mara ya mwisho lini?"

"Mwaka. Hakupenda hii kazi. Alisema ninakaa mu giza kubaonyesha bantu mashetani. Nikakasirika, nikaondoka na godoro yangu." Alionyesha mlango kwa kidevu. "Ni vitalu vinne toka hapa."

"Hauko unajua kama kikohozi iliisha."

Rodrigue aliinua uso. Ilionekana hakujua. Jambo hilo dogo ndilo lililomvunja, akainama mbele hadi paji la uso likagusa magoti.

"Siku ya mawe ulikuwa wapi?" aliuliza Zihindula, kwa upole zaidi kuliko alivyokusudia.

"Hapa. Nilijua tangu Nsengimana anatuma. Nikasema, nitasema kesho. Halafu nikasikia bantu banapita na mbio. Nikaweka waya mu masikio."

Kesi ilikuwa imekwisha. Zihindula alikuwa na chanzo, alikuwa na tarehe, alikuwa na mtu anayekiri mwenyewe bila kuguswa. Alimwambia Rodrigue kwamba kesho atasimama mbele ya wazee na watu wote, aseme hayohayo. Rodrigue alikubali. Aliomba kitu kimoja tu, aende kwanza kumwona.

Nyumba ya Kauma ilikuwa ya Benedicte, mwanakwaya wa zamani aliyeuza nyanya kwenye meza mbele ya uzio. Chumba cha Orpa kilikuwa nyuma ya uzio, kikitazama uani. Aliketi juu ya mkeka karibu na dirisha dogo kupata mwanga, anapinda kola kwa mkono, sindano ikipanda na kushuka. Mwanamke mdogo wa mwili, kichwa cheupe. Alimsalimu Zihindula kwa heshima. Kisha akamwona aliyesimama nyuma yake.

"Umekonda," alimwambia.

Rodrigue hakuweza kuingia. Alishika mwimo wa mlango na kubaki pale pale.

Zihindula alikaa akaeleza. Alieleza vizuri, hatua baada ya hatua, na hakuweza kuficha kwamba amefurahi kidogo, kwa sababu miaka mingi ilikuwa imepita tangu amalize kesi. Orpa aliendelea kushona. Alipofika kwenye jina la Rodrigue, sindano haikusita.

"Minajua," alisema.

"Unajua nini, mama?"

"Ni yeye. Mutoto wa kwaya alinisikilizisha mu simu yake, niko nyumbani bado. Nikasikia Rodrigue. Nani mwengine anajua nilikuwaka kukata wimbo wapi juu ya kikohozi?"

"Na haukusema?"

"Bale bantu balikuwa banakuya na mawe mu mikono, papa. Ningesema haiko mimi, ni Rodrigue, bangeenda wapi na yale mawe?"

Zihindula alitazama sakafu. Uzi wa sindano ulikwaruza kitambaa.

"Kesho atasema mbele ya bazee," alisema. "Bantu bametulia sasa. Mimi nitakuwa pale."

"Hapana. Hatasema."

"Bila yeye haurudi, mama. Nyumba banaipatia bengine."

"Nimesikia." Aliukata uzi kwa meno. Halafu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Mulango, balitengeneza?"

"Bado."

"Basi mvua inaingia mpaka ku mashine." Alitikisa kichwa. "Ile nyumba nilipiga matofali yake mwenyewe. Mimi na huyu. Alikuwa mudogo, anabeba moja moja."

Waligeuka kumtazama huyo aliyebeba moja moja, na mlango ulikuwa mtupu.

Alikuwa uani, karibu na meza ya nyanya, simu ameisogeza mdomoni. Zihindula alimwona kupitia uwazi wa pazia na akaelewa mara moja anachofanya. Angeweza kuinuka. Hatua chache tu, angeinyakua ile simu. Lakini mpelelezi aliyekuwa ndani yake alimshika mkono: kukiri kwa hiari, mbele ya kambi nzima, bila kungoja mtu aamue Jumapili. Ushahidi gani ungeshinda huo? Akakaa. Kukaa kule kulikuja kumuuma kwa muda mrefu.

"Mi ni Rodrigue," kijana alikuwa anasema, "DJ Rodri, munanijua. Ile sauti ya batoto ku maji ni mimi nilisema, mu filamu. Haiko Mama Orpa. Sikilizeni."

Na pale uani, mchana, mwanamke mzee akakohoa na kuanza kusema. Mteja wa Kimalawi aliyekuwa anachagua nyanya aligeuka kumtafuta mama huyo, akatazama nyuma ya uzio, akatazama tena. Benedicte alishika kifua. Ndani ya chumba, Orpa aliweka kola chini akafumba macho, akasikiliza hadi mwisho.

"Munisamehe," alimaliza Rodrigue kwa sauti yake. "Yeye njo alinilea."

Akatuma, kwenye kundi la kambi na kwenye kundi la *Bwawa*. Aliporudi mlangoni alikuwa anapumua kama mtu aliyetua gunia, na safari hii aliingia hadi ukingo wa mkeka.

Simu ya Zihindula ilitetemeka. Wa kwanza alikuwa Sabine, aliyekuwa amejiunga na kundi la kambi tangu jana: "Asante DJ ju ya kusema kweli. Kosa ni yangu pia. Mama Orpa arudi." Zihindula alitabasamu akataka kuusoma kwa sauti. Ukaingia ujumbe wa pili, wa mtu asiyemjua.

"Kijana anatoa sauti ya mumama namna gani? Sikilizeni vizuri pale anabadilika. Ile haiko kuigiza."

Kisha mwingine. "Amesema mwenyewe ni yule alimulea. Munafikiri alimulisha nini?"

Kisha mwingine, na mwingine. Kuna aliyehesabu pumzi kati ya sauti moja na nyingine, akasema binadamu hawezi. Kuna aliyemtetea, akajibiwa na watu sita. Sabine aliandika tena na tena, herufi kubwa, akieleza habari ya mikro na filamu na carte mémoire, na ya teori yake kuhusu Koko. Walimwambia teori yake ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, kwa nini sasa anaikana.

Zihindula aliendelea kusoma akitafuta mtu mmoja mwenye kichwa kilichotulia. Akaliona jina la Mulenda. Mulenda hakuwa ameandika neno popote tangu alipozika. Aliandika mstari mmoja.

"Amemuingia Rodrigue. Sasa asikanyage huku ata yeye."

Chini yake watu walianza kuandika amina.

Ukafika ujumbe wa mwisho, huu kwake peke yake, kutoka kwa mzee wa kanisa aliyempa kazi. "Inspekta, kesho usimulete kijana. Watu wamechemka. Tayari wako mbele ya ukumbi wake."

Zihindula alivua miwani. Katika kazi yake alishindwa kesi nyingi kwa kukosa ushahidi, na kila mara alijua la kuwaambia wenyewe. Sasa ushahidi alikuwa nao wote, kiganjani. Alijutia kutoinuka dakika chache zilizopita, akajutia hata furaha aliyokuwa nayo alipoieleza kesi yake mbele ya mama huyu.

Rodrigue naye alikuwa anasoma.

"Banasema nini?" aliuliza Orpa.

Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Papa Inspekta. Nilikuuliza."

"Banasema umemuingia, mama."

Orpa alichomeka sindano kwenye kola ili isipotee, akaikunja nguo, akaiweka kando.

"Basi na yeye hana fasi ya kurudi," alisema.

Alimwita Benedicte, akamuuliza kama kuna mkeka mwingine. Benedicte alisema upo, nyuma ya magunia ya mkaa, ila umeliwa na panya upande mmoja. Orpa akasema unafaa. Akasogea hadi ukutani kuacha nafasi, akamtazama kijana aliyekuwa bado amesimama na simu mkononi.

"Vua viatu, uingie," alimwambia. "Na ufunge mulango. Huku tunaifungaka ata muchana."